Sauti walizoniachia

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya nazi. Mpaka leo, mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, ukifungua mlango unapokewa na harufu ya makumbi kabla macho hayajazoea giza. Kipo uani kwa marehemu shangazi yangu, Ngamiani, Tanga: hatua saba kwa tano, dirisha moja tuliloliziba kwa matofali, na dari ya mbao chini ya bati. Humo nimekuwa nikirekodi watu tangu mwaka 2001. Vijana wanaotaka kufungua studio huja kuniuliza wanunue vifaa gani, nami huwajibu kwamba vifaa watavipata. Ninayotaka kuwaeleza ni yale niliyojifunza baada ya vifaa kupatikana, na mengi nilijifunza kwa kupoteza.

Mimi ni mpiga gitaa la besi. Kwenye reggae besi ndiyo inayozungumza. Gitaa la rithimu linakata katikati ya mapigo, ngoma inaangukia pigo la tatu, mwimbaji anapita juu, lakini wimbo wenyewe unausikia tumboni. Niliupenda muziki huu nikiwa shule ya msingi, kwa kanda alizokuja nazo baharia mmoja jirani yetu. Muziki haukuwa mgeni Tanga. Wazee wetu walikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na mji ulijulikana pia kwa taarab ya Black Star na Lucky Star. Ila kijana mwenye rasta kichwani, anayepiga reggae, huyo alionekana amepotea njia. Nilipoacha kukata nywele, mama yangu alininunia miezi miwili. Alinipakulia chakula kila siku, lakini hakunisemesha.

Bendi yetu ilikuwa ya watu watano. Tulipiga kwenye hoteli, kwenye harusi za watu waliotuonea huruma, na Jumapili jioni ufukweni Raskazone. Mwaka 1998 tukakusanya fedha za nauli na ada ya studio, tukapanda basi kwenda Dar es Salaam, kilomita 350 na ushei, tukiwa na nyimbo mbili tulizozifanyia mazoezi mwaka mzima.

Zamani bendi za nchi hii zilirekodi Radio Tanzania, pale Barabara ya Pugu. Wanamuziki waliingia chumba kimoja, kila mtu na chombo chake, wakapiga pamoja mpaka wimbo ukatoka, na kanda ikabaki maktaba ya redio. Sisi tulifika wakati mambo yamekwishabadilika. Mtayarishaji tuliyempata alikuwa kijana mpole, na sina kinyongo naye. Alitazama saa, akatazama ngoma tulizozipakia juu ya basi tangu Tanga, akasema kuzitegea maiki kutakula nusu siku na nyuma yetu kuna foleni. Mapigo atayatengeneza yeye kwenye kompyuta.

Mpiga ngoma wetu akatoka nje. Kulikuwa na benchi ukutani, akakaa pale na vijiti vyake mapajani kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Kila nilipotoka kunywa maji nilimkuta vilevile, kichwa kimeegemea ukuta, anasikiliza mashine ikipiga nafasi yake upande wa pili. Wakati wa kurudi hakusema neno Chalinze, wala baada ya Chalinze. Basi liliposimama Segera ili abiria wapate chakula, akaweka sahani yake chini bila kuigusa, akasema, "Tutarekodi wenyewe."

Mwenzetu huyu kazi yake ya mchana ilikuwa kutengeneza redio. Alikuwa na kibanda Barabara ya 12, na mji mzima ulimwita fundi. Sisi pia tulimwita fundi. Yeye ndiye aliyenieleza habari za Osbourne Ruddock wa Kingston, Jamaica, ambaye dunia inamjua kwa jina la King Tubby. Naye alikuwa fundi wa redio na amplifaya. Studio yake ilikuwa ndani ya nyumba ya mama yake, Dromilly Avenue, mtaa wa Waterhouse, na haikuwa na nafasi ya bendi kukaa. Alipokea kanda zilizorekodiwa kwingine, akatoa sauti hii, akarudisha ile, akaacha besi na ngoma peke yake zikitembea, akatupia mwangwi juu yake, na dabu, yaani reggae iliyochanganywa upya namna hiyo, ikazaliwa kwenye mikono ya namna hiyo. Mwenzake Lee Perry alijenga studio yake, Black Ark, uani kwake, Washington Gardens, mwishoni mwa 1973, akaanza na mashine ya treki nne tu, yaani njia nne za kuwekea sauti. Fundi alikuwa akiyasimulia haya huku ameshika chuma cha kulehemu, moshi unampanda usoni, na mimi nikayaamini yote kwa sababu aliyeyasema alikuwa mtu wa kazi hiyohiyo, kwenye kibanda cha ukubwa uleule.

Treki nne ndizo tulizopata na sisi. Mzungu mmoja wa kujitolea alikuwa anamaliza mkataba wake, akatuuzia kinasa sauti cha kaseti kwa bei ya kutusaidia. Ngoja nieleze kidogo kazi ya treki nne, maana kijana wa leo anafungua kompyuta anakuta treki mia moja zinamsubiri. Unarekodi ngoma, besi na gitaa kwenye treki tatu za kwanza. Kisha unazichanganya zote tatu na kuzihamishia kwenye ya nne. Zile tatu sasa ziko huru, unazifuta, unaweka kinanda na sauti za waimbaji. Lakini ukishahamisha, basi. Kama besi imezidi, imezidi mpaka kiama. Na kila uhamishapo, kaseti inaongeza mvumo wake, shhhh, kama mtu anayekaanga samaki chumba cha pili. Kwa hiyo tulijifunza kuamua. Tulipiga wimbo mara ishirini kabla ya kubonyeza kitufe, na aliyekosea aliona haya, kwa sababu kosa lake lilikuwa kosa letu sote. Nimewahi kufanya kazi na kompyuta nzuri zaidi tangu hapo, lakini masikio yangu yaliundwa na mashine ile.

Tatizo la kwanza lilikuwa besi yangu mwenyewe. Tulisikia kwamba trei za mayai zinazuia sauti, tukatumia mwezi mzima kuzunguka kwa wauza chipsi kuziomba, tukazibandika ukuta mzima. Jirani yetu, bibi mmoja mwenye moyo safi, akaja siku ya pili.

"Wanangu, mmefanya kazi kubwa," akasema. "Ila kitanda changu bado kinatetemeka."

Trei za mayai hupunguza kidogo ule mlio mkali unaorukaruka ukutani. Besi haizijui. Kinachozuia sauti kutoka nje ni uzito wa ukuta na kuziba kila upenyo, hata wa tundu la ufunguo. Na kinachoituliza sauti ndani ni kitu kinene chenye nyuzinyuzi, chenye nafasi ya hewa nyuma yake. Hapo Tanga ikatuokoa, kwa sababu huu ni mji wa mkonge. Tulinunua masalia ya katani, nyuzi fupi zisizofaa kusokotwa kamba, tukazijaza kwenye fremu za mbao zenye unene wa shubiri moja, tukazisimamisha mbali kidogo na ukuta. Katani inawasha, mikono yetu ilivimba siku tatu. Shangazi akatoa kanga zake za zamani tufunikie. Mpaka leo mwimbaji akisimama mbele ya maiki anasoma "Mgeni njoo mwenyeji apone" mbele ya macho yake, na nimeona watu wakitulia kwa kuisoma tu.

Fundi alinifundisha pia kutembea chumbani. Aliipiga noti moja ya besi kwenye spika, akaiacha iendelee, akaniambia nizunguke. Pembeni, kwenye kona, besi ilivimba mpaka kifua kikajaa. Katikati ya chumba ikapotea kabisa, kana kwamba mtu ameizima. Chumba kilekile, noti ileile. Miezi yote ile nilikuwa nimekaa katikati nikiongeza besi kwa sababu siisikii, na kanda zetu zikichezwa kwenye daladala zilikuwa zinanguruma kama lori. Baada ya siku ile kila wimbo niliomaliza niliusikiliza sehemu tatu kabla ya kumkabidhi mwenyewe: kwenye spika zangu kwa sauti ya chini, kwenye redio ndogo ya betri ya shangazi, na kwenye daladala ya rafiki yangu, abiria wakiwa ndani. Abiria wakianza kutikisa vichwa bila kujijua, nilirudi nyumbani nikalala.

Mwangwi tuliupata kwenye tangi la maji. Lita 2,000, tupu wakati wa kiangazi. Spika ndogo tuliiweka ndani upande mmoja na maiki upande mwingine, tukapitisha waya mlangoni. Sauti iliyotoka mle ilikuwa na ubaridi ambao sijaupata kwenye programu yoyote. Mvua zilipoanza, shangazi alitaka tangi lake, na dabu zetu zikasimama mpaka masika yaishe.

Mtu mwenye rasta anayefunga mlango na kuziba dirisha lazima ashukiwe, na sisi tulilijua hilo tangu mwanzo. Usiku mmoja askari wawili walikuja, wameambiwa humu mna bangi. Wakapekua. Jikoni wakakuta sufuria inachemka, wakaifunua kwa haraka: nyuzi za besi. Nyuzi mpya zilikuwa ghali na kuzipata mpaka Dar au Nairobi, na hewa ya bahari inazila upesi, kwa hiyo nilikuwa nazichemsha mafuta na jasho vitoke, nazifuta, nazifunga tena kwenye gitaa, zinarudisha mlio kwa wiki chache. Askari mmoja akauliza, nikamweleza. Akakaa chini tukampigia wimbo. Baada ya hapo nilikwenda mwenyewe kwa mjumbe wetu, tukaandikiana: hatupigi wakati wa adhana, ngoma mwisho saa mbili usiku, na jirani yeyote akiwa na msiba tunafunga siku tatu. Makubaliano yale hayajavunjwa.

Reggae haikutulisha. Naliandika hili wazi kwa sababu kijana anaweza kukopa akidhani nyimbo zake mwenyewe zitalipa deni. Waliolisha studio yetu ni kwaya. Kwaya za makanisa ya Mikanjuni, Muheza, Korogwe, mpaka Lushoto. Kisha vikundi vya kaswida, kisha matangazo ya maduka, kisha nyimbo za kampeni kila uchaguzi ulipokaribia. Kwaya ya kwanza ilikuwa na watu 32, na sisi tulikuwa na maiki moja ya kuaminika. Hawakuenea chumbani, tukawarekodi ukumbini kwao usiku. Tuliwapanga kwa miguu: wasoprano hatua nne kutoka kwenye maiki, waalto nyuma yao, na mzee mmoja mwenye besi ya kupasua ukuta tukamsogeza nyuma, nyuma zaidi, mpaka akawa amesimama mlangoni, nusu yake nje. Ikakaa sawa. Kanda ile ilisikika kuliko kitu chochote tulichokuwa tumefanya, na mimi, mtu niliyedhani nakuja kuueneza ujumbe wa Rasta, nikajikuta najifunza kupanga sauti kwa kumsogeza mzee wa kanisa hatua moja moja kuelekea kwenye mbalamwezi.

Nilichelewa kujifunza habari ya maandishi. Mwaka 2005 wimbo wetu mmoja ulianza kuchezwa redioni, kisha ikaja kampuni ikitaka kuutumia kwenye tangazo. Fedha haikuwa nyingi, lakini ilitosha kutugombanisha. Mwimbaji alisema maneno ni yake. Mpiga kinanda akasema ile sauti ya mwanzo ambayo watu wanaipiga mluzi barabarani ni yake. Wote walikuwa wanasema kweli, na hakuna karatasi hata moja. Tulikaa vikao vitatu. Baada ya cha tatu, mpiga kinanda akahamia Mombasa, anapiga kanisani mpaka leo, na salamu zetu ni za sikukuu tu.

Sheria ilikuwepo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, COSOTA, taasisi ya kusimamia hakimiliki, ikaundwa kwa sheria hiyo, na sheria inamtambua mtunzi, inamtambua mpigaji, inamtambua aliyerekodi. Lakini haiwezi kujua nani alitunga kipande gani ndani ya stoo ya nazi Ngamiani. Hilo mnatakiwa kuliandika wenyewe. Nikanunua kaunta buku. Tangu siku hiyo, wimbo haurekodiwi kwangu kabla ya kuandikwa ukurasa wake: jina, tarehe, aliyetunga maneno, aliyetunga mwenendo wa sauti, waliopiga, mgawo wa kila mtu kwa asilimia, sahihi. Marafiki hukunja uso. Wananiambia, kaka, sisi ni ndugu, karatasi ya nini? Nawaambia ni kwa ajili ya undugu huohuo.

Nikiwa nao mezani huwasimulia habari ya Aston Barrett, mpiga besi wa The Wailers, mtu ambaye mimi nilijifunza gitaa kwa kumfuata noti kwa noti. Bob Marley alifariki tarehe 11 Mei 1981, ana umri wa miaka 36, bila kuacha wasia. Mwaka 2006 Barrett alikwenda mahakamani London kudai sehemu yake, akashindwa, kwa sababu mwaka 1994 alishasaini makubaliano ya kumaliza madai. Besi ile iliyotikisa dunia nzima! Kila ninapoisimulia koo linanikaba. Msomee mtu karatasi kabla hajasaini, hata kama karatasi umeiandika wewe na inakupendelea wewe.

Mwaka uleule wa 2006 ndio ulioniumiza kuliko yote.

Tulikuwa tumeshahamia kwenye kompyuta miaka miwili kabla. Kila kitu kilikuwa mle, kwenye diski moja. Nchi ilikuwa na ukame, maji ya bwawa la umeme la Mtera yalishuka, na mgao wa umeme ukawa wa kila siku. Tulirekodi usiku wa manane umeme uliporudi. Usiku mmoja ulirudi kwa kishindo, taa ikawaka nyeupe, kompyuta ikatoa mlio mdogo kama kucha kwenye kioo. Fundi akaifungua asubuhi, akaisikiliza diski kama daktari anavyosikiliza kifua cha mtoto, akanitazama. Sikuwa na nakala. Sikuwa hata na kifaa cha kutuliza umeme, nilikuwa nimeahirisha kukinunua mara mbili ili nilipie maiki mpya. Kosa lilikuwa langu lote.

Kaunta buku ilinionyesha majina: watu na vikundi 19. Nikaamua nitakwenda kwa kila mmoja kwa miguu yangu, sitapiga simu. Ilinichukua wiki mbili. Wengine walinifokea, na walikuwa na haki. Kwaya moja ikasali na mimi. Mtu ambaye sitamsahau ni mzee wa Kibondei kule Muheza, ambaye mwanawe alimlipia arekodi nyimbo za jando za zamani, nyimbo ambazo alisema wanaozijua wamebaki yeye na mwingine mmoja. Nilimkuta anamenya machungwa chini ya mwembe. Nikampa shikamoo, nikakaa mchangani, nikamwambia. Akaendelea kumenya mpaka ganda likamalizika, refu, halijakatika. Akanipa chungwa.

"Basi nitakuimbia tena," akasema. "Lakini uje upesi, mwanangu."

Nilikwenda wiki iliyofuata. Aliimba nyimbo saba kati ya kumi na moja. Zile nne hazikuja. Alifumba macho, akapiga goti kwa kiganja akitafuta, kisha akatikisa kichwa.

Mpaka hapo nilidhani kazi yangu ni muziki. Nilipokuwa kwenye basi narudi Tanga, kaseti ya nyimbo saba mfukoni, nikaelewa kwamba watu wanakuja kuniwekea sauti zao kama mtu anavyoweka amana kwa jirani. Sasa kila kitu kina nakala tatu: moja chumbani, moja anapewa mwenyewe papo hapo kabla hajaaga, ya tatu iko kwa dada yangu Korogwe, ndani ya debe la mchele lililofungwa kwa nailoni kuzuia unyevu. Kila mwisho wa mwezi nampelekea. Ananitania kwamba nampelekea mizimu, lakini debe analitunza.

Kitu kingine nilichokaribia kukipoteza ni upigaji wangu mwenyewe. Kati ya mwaka 2008 na 2012 sikutunga wimbo hata mmoja. Nilikuwa mlangoni mwa nyimbo za wenzangu kuanzia asubuhi, na usiku masikio yamechoka. Gitaa lilining'inia ukutani likawa na vumbi. Kilichoniamsha ni kumsikiliza tena marehemu Justin Kalikawe wa Bukoba, aliyeimba reggae kwa Kiswahili na kwa Kihaya bila kuomba radhi kwa yeyote. Na nilikuwa nikimwona Jhikoman kule Bagamoyo anavyoishikilia bendi yake mwaka baada ya mwaka. Nikajiuliza nimezishika nyimbo saba za mzee wa Muheza kwa ajili gani. Nikachukua mwenendo wa wimbo mmojawapo, kwa ruhusa ya mwanawe iliyoandikwa kwenye kaunta buku, nikauwekea besi. Toka hapo Jumatatu studio haipokei mteja. Jumatatu ni yetu, hata kama tunakunywa chai tu na kusikiliza.

Siku reggae ya Jamaica ilipoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa wanadamu, Novemba 2018, mama yangu aliisikia kwenye taarifa ya habari ya saa mbili. Akanipigia simu. Akasema, "Nimesikia muziki wenu umetajwa." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Fundi hakuwahi kuisikia habari hiyo. Alifariki mwaka 2009, figo. Alipiga ngoma mpaka miezi miwili kabla, akiwa amevimba miguu, kiatu cha kulia amekikata mbele ili mguu uenee kwenye pedali. Hatukuwa na picha zake nyingi, na kwenye nyimbo zetu yeye hakuimba. Alikuwa nyuma siku zote.

Baada ya arobaini mama yake alikuja chumbani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kwenye kiti cha mwanawe na kuzungusha macho ukutani, akasoma kanga.

"Nimeambiwa sauti yake iko hapa," akasema.

Nikamwekea nyimbo zilizotoka vizuri, zile za mwisho. Alisikiliza kwa adabu. Akasema, "Hizo ni ngoma. Nataka yeye." Nikakosa la kumjibu. Kwenye kompyuta nilikuwa nimezoea kukata kila kitu kisicho wimbo: kikohozi, maneno, vicheko, mtu anayehesabu moja mbili tatu. Nilisafisha. Niliamini usafi ndio ufundi.

Nikakumbuka kaseti za treki nne. Zilikuwa kwenye sanduku la viatu juu ya kabati, na diski ilipoungua hakuna aliyezifikiria. Kinasa kilikuwa kimekufa mkanda wa mpira, nikafunga mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa mwembamba, kama fundi mwenyewe alivyowahi kufanya. Kaseti ya tatu, ya mwaka 2002, ndiyo niliyoipata. Mvumo wake uleule, shhhh. Kisha vijiti vinagonga mara nne, wimbo unaanza, unaharibika, unasimama. Na yeye anasema, kwa sauti ya mtu mwenye usingizi, "Zima, zima. Nani anakimbia? Tuna haraka ya kwenda wapi?" Watu wanacheka. Anasikika anavuta kiti. "Kuna kitumbua kilibaki? Leteni basi, halafu tuanze upya."

Mama yake alikuwa amevaa hedifoni zangu kubwa juu ya ushungi. Alizishika kwa mikono miwili, akazibana masikioni. Wimbo ulipoanza tena upande wa pili wa maneno yale, aliniashiria kwa kidole nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akasikiliza. Akaashiria tena.